Ulipogusa Ngoma ya Winchi

Jumapili, saa tisa alasiri. Mvua inanyesha, inakata, inaanza tena.

Jana, Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, saa nane na dakika arobaini mchana, nilipoteza mita tisa za kamba na fundi mmoja. Kamba zinauzwa.

Tangu jana sikai. Nimefagia kibaraza mara mbili. Nimepanga spana zangu kuanzia namba nane hadi thelathini na mbili, nikazivuruga, nikazipanga upya. Ineza, binti yangu, akaniambia bila kuinua macho kwenye daftari lake, "Mama, kaa basi, unanizungusha kichwa." Ndiyo nimekaa. Niko kwenye kiti cha dereva cha gari langu, mlango wazi, miguu nje, naandika kwa simu.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: ninaishi kwa kunasua magari. Lori likizama kwenye tope, basi dogo likiteleza mtaroni, wananipigia mimi. Nililelewa Karagwe, nikaja Kigali nina begi moja, nikaanza kwa kuosha magari ya watu. Sikuwa na mjomba ofisini wala shangazi sokoni. Gari hili la fowili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, nililinunua kwenye mnada wa mradi uliofunga, na lilikuja na winchi yake, mashine ya kuvutia kwa kamba, mbele ya bampa: mota ya umeme, gia, na ngoma, yaani lile pipa dogo la chuma ambalo kamba inajiviringisha juu yake. Mota izunguke mara 216 ndipo ngoma izunguke mara moja. Hapo ndipo nguvu inapotoka.

Zamani niliwahi kuandika hapa 261. Mtu mmoja tu alinisahihisha, kwenye maoni, bila salamu: "216." Alikuwa Baraka.

Baraka ni mtu wa Goma. Anafanya kazi kwenye karakana moja kule Masoro, kwenye mashine ya kuchonga vyuma, na kwa miaka sita kila kilichovunjika kwenye gari hili kimepita mikononi mwake. Mle karakana kelele ni nyingi, hata jina lako hulisikii, kwa hiyo mafundi wamezoea kuandikiana kwa chaki juu ya chuma chenyewe. Ukienda kuchukua kitu chako unakikuta kimejaa mishale na maneno: "huku juu", "usikaze sana". Baraka anaandika kuliko wote. Kwa mdomo anasema jambo mara moja tu. Hukulisikia, shauri yako.

Winchi ilianza kulia mwezi uliopita, mlio wa gia zinazosagana kavu. Tukaifungua. Kwenye mota yalitoka maji ya kujaza kikombe. Grisi ilikuwa imegeuka kama sabuni ya mche iliyolala kwenye beseni. Zile kaboni nne zinazopeleka umeme ndani ya mota zilibaki milimita nne nne. Gia moja ilikuwa imepoteza meno matatu. Nilipiga picha kila hatua, picha sitini na tatu, ili wakati wa kufunga tusibabaike.

Nikasema, maadamu tumeifungua, tusiirudishe ilivyokuwa. Sili mpya za kuzuia maji, beringi mpya, mota yenye nguvu zaidi, nyaya nene kutoka kwenye betri. Baraka akachonga bushi, zile pete za ndani ya gia, kwa mkono wake, na kipimo chake hakikupishana hata unywele. Na kamba. Waya wa chuma wa zamani ulikuwa na kilo kumi na moja, umefumuka vijinyuzi, umenichana viganja miaka yote hii. Kamba mpya ni ya nyuzi za plastiki ngumu, mita ishirini na nane, haifiki kilo tatu, na inabeba kuliko waya. Nilikuwa nimeitamani muda mrefu kama wengine wanavyotamani kiwanja.

Sasa hapa lazima nieleze jambo moja, kwa sababu kila kitu kinaning'inia hapa. Winchi ya aina yangu ina breki ndani ya ngoma. Ukivuta, breki imelala. Ukishusha mzigo, breki inasugua muda wote ili mzigo usiporomoke, na chuma kinachosuguana kinashika moto. Waya haujali. Kamba ya plastiki inajali: kwenye joto ambalo hata maji ya chai hayachemki, yenyewe imeshaanza kulegea.

Haya yote niliambiwa.

Baraka aliniambia wakati wa chai, saa nne asubuhi, tumekaa nje ya karakana na mafundi wengine saba. "Mama Ineza, kuvuta, sawa kabisa. Kushusha, oya, hapana. Hii ngoma itakupikia kamba. Tubakize waya kwanza, mi nitatafuta namna ya kutoa breki inje."

Nilikuwa nimechoka kusubiri. Nikamjibu mbele yao wote, "Fundi, kamba nimenunua mimi, gari langu mimi. Wewe kaza bolti."

Wakacheka. Mmoja akadakia, "Baraka, si umesikia? Kaza bolti, baba!" Wakacheka tena, na mimi nikacheka nao.

Baraka akaweka kikombe chini. "Sawa, bosi."

Miaka sita nimekuwa Mama Ineza kwake. Tangu siku ile mimi ni bosi.

Halafu kuna hili, ambalo sijamwambia mtu. Nilipoichukua ngoma kuja kuipaka rangi hapa nyumbani, ilikuwa na chaki yake. Mshale upande wa mota, na herufi kubwa: KUSHUSHA HAPANA. Nikalowesha kitambaa petroli, nikafuta, kwa sababu rangi haishiki juu ya chaki. Nikapaka nyeusi mara mbili. Ikapendeza.

Jana baada ya umuganda nikapigiwa simu. Vilori viwili vya saruji vimekwama kwenye mlima nyuma ya Masoro, njia mpya ya udongo inayokwenda kwenye nyumba zinazojengwa. Baraka akaja nami. Ndiyo desturi yetu: winchi ikifunguliwa na kufungwa upya, aliyeifunga huja kuiona ikifanya kazi yake ya kwanza. Njiani nikamuuliza hali ya nyumbani, akasema nzuri. Nikamuuliza mgongo wake, akasema unaendelea. Mtu ambaye zamani angenieleza kila pingili ya uti wake.

Vilori vilikuwa katikati ya mteremko, kimoja nyuma ya kingine, havipandi wala madereva hawathubutu kuviachia. Pa kugeuzia hakuna. Njia ilikuwa moja tu: mimi nikae juu, nivishushe kinyumenyume, taratibu, hadi tambarare.

Nikapiga hesabu papo hapo, kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Kilori na mzigo wake, kilo elfu nne na mia mbili. Mteremko, kila mita nne unashuka mita moja. Uzito utakaoning'inia kwenye kamba ni kama tani moja. Winchi inabeba tani nne na nusu. Nafasi mara nne na zaidi. Nikaridhika.

Nilihesabu uzito. Sikuhesabu joto. Nililijua na sikulikumbuka, na sijui kama kuna neno la kutofautisha hayo mawili na uzembe.

Kilori cha kwanza kilishuka mita ishirini na mbili, laini, kama mtu anayeshushwa kitandani. Waliokuwa wakitazama wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimejaa furaha hadi kooni.

Kamba ilikuwa nje karibu yote, ngoma iko wazi. Hapo ndipo nilipomwona Baraka. Alivua glavu ya mkono wa kulia, akainama, akaweka kiganja kwenye ukingo wa ngoma, upande wa mota, kama unavyompima mtoto homa. Sikuona kama aliutoa haraka au taratibu. Nilikuwa nimegeuka kumpungia mkono dereva wa kilori cha pili ajiandae. Nilipomtazama tena, mikono yote miwili ilikuwa mfukoni.

Nikamwambia, "Vipi, inakwenda?"

Akasema, "Bosi ndiyo anajua."

Nikachukua kama utani. Nikairudisha kamba, ikajiviringisha yote juu ya ile ngoma. Dakika sita zilipita kati ya kilori cha kwanza na cha pili. Nimezihesabu leo mara nyingi: tatu za kurudisha kamba, tatu za kufunga ndoano. Chuma kilichoshika moto hakipoi kwa dakika sita.

Dereva wa pili anaitwa Silasi. Mtu wa makamo, mpole, breki zake dhaifu, ndiyo maana alihitaji kamba. Alibaki ndani kushika usukani. Tulianza kumshusha mita sita za kamba zikiwa nje. Zilipofika kumi na tisa nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, na kabla kidole changu hakijatoka kwenye kitufe, kamba ikakatika kwenye ngoma. Haikupiga mlio kama waya. Ilifanya pof tu, kama mfuko wa sukari ulioangushwa.

Kilori kikarudi nyuma mita kumi na moja. Nilizipima baadaye kwa hatua zangu. Kulia kwake kulikuwa na bonde. Kushoto kulikuwa na lundo la kokoto la mtu anayejenga, na Silasi akakata usukani kushoto, kikaingia kwenye kokoto hadi ekseli, kikasimama.

Akashuka. Akakaa chini barabarani. Akaniangalia nikikimbia kuja, akasema, "Madamu, iko maji?"

Akanywa chupa nzima. Kisha akanishika mkono na kunishukuru. Anaamini ni ajali. Leo asubuhi alipiga simu kuniuliza kama nimepata kamba nyingine.

Sijawahi kupigiwa simu iliyonikaa vibaya namna ile.

Turudi kwa Baraka. Tulirudi pamoja kwenye gari hili. Nilipopunguza mwendo kwenye mataa alifungua mlango, akashuka kwenye mvua, mbali na kwake, akasema, "Siku njema, bosi."

Leo nimeitoa ngoma. Iko hapa karibu na mguu wangu, na zile mita tisa zimeyeyukia juu yake, zimeshikana kama sukari iliyoungulia kwenye sufuria. Nimezikwangua kwa kisu saa nzima. Rangi yangu nyeusi inatoka pamoja nazo.

Nimejaribu kumtetea. Labda aligusa akakuta vuguvugu tu, moto ulikuwa bado uko ndani haujafika ukingoni. Inawezekana, chuma kile ni kinene. Labda aliona nimeshaamua. Labda alidhani nakumbuka, kwa kuwa aliniambia na akaandika, na yeye hasemi mara mbili. Halafu nasimama, nazunguka gari, narudi, na lile neno "bosi ndiyo anajua" linaanza tena. Mtu aliyekuta chuma cha baridi angesema hivyo?

Kosa langu nalijua ukubwa wake. Nilimdharau fundi mbele ya wenzake, nikafuta maandishi yake kwa petroli, nikaenda kufanya kitu kilekile alichonikataza, na mtu akiwa ndani ya gari. Hilo sihitaji kuambiwa. Nataka kujua la kwako, Baraka.

Kwa sababu najua unasoma hapa. Unasoma wakati wa chai, umeegemea ukuta, simu mbali na macho kwa sababu hutaki kukubali miwani.

Kama uligusa ukakuta baridi, nitakuja kuomba radhi mbele ya mafundi wale wale saba, na kwa sauti ile ile niliyotumia siku ile. Kama uligusa ukaungua, ukatia mkono mfukoni ili bosi ajifunze, nitaomba radhi vilevile, kwa sababu langu halipungui. Lakini ngoma hii itachongwa na mtu mwingine, na gari hili hutaligusa tena. Mimi una haki ya kuniadhibu. Silasi hakukuambia ukaze bolti.

Ineza amekuja kusoma begani kwangu. Ameuliza, "Mama, na akisema uongo?" Nimemwambia huyu mtu kwa miaka sita hajanidanganya hata nusu milimita. Akasema, "Basi kwa nini unaogopa?" Akarudi ndani.

Mvua imeanza tena.

Kesho Jumatatu, saa nne asubuhi, saa ya chai, nitakuwa getini kwenu Masoro na ngoma kwenye buti. Sitangoja kupita saa nne na nusu. Usinitumie ujumbe, na usiniandikie kwa chaki. Uje getini, unitazame, unijibu kwa mdomo, na neno moja la Kinyarwanda linanitosha, yego ya ndiyo au oya ya hapana.

Ulipogusa ngoma, ilikuchoma? Yego, au oya?