Maneno Kumi na Mawili ya Baba

3 Februari

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na huo umeshakuwa kama jirani mkorofi, nimeuzoea. Mama yako anaendeleaje na miguu yake?

Flashi imefika, ndani ya soksi kama ulivyosema. Soksi nazo nashukuru. Wenzangu saba wa chumbani wanakusalimu. Barua yako wameisikia yote, maana unajua kusoma kwangu: nilianza shule ya jioni nikiwa na ndevu, na bila kutamka, herufi kwangu hazisimami. Fundi bomba, anayelala kitanda cha juu yangu, anasema unaandika vizuri kuliko mwanawe.

Kompyuta yetu bado ni ile moja kuukuu tuliyochangiana. Benki za huku zinataka pasi, na pasi zetu ziko kwenye kabati la msimamizi, kwa hiyo akiba ya kila mtu ni hizo sarafu za mtandaoni. Mwezi wa kumi na mbili seremala wa chumbani mwetu aliibiwa zake zote. Kumbe mlikuwa na programu imejificha mle ndani, inanakili kila anachoandika. Tangu siku hiyo tunaitazama ile mashine kama mbwa aliyekwisha kung'ata mtu.

Sasa nieleze kwa lugha ya mtu wa zege: hii uliyotengeneza inafanya nini? Mkataba wangu unaisha mwezi wa saba. Miaka sita ya jasho iko humo, na nauli ya kurudi nyumbani. Sina mchezo.

Baba yako

20 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Miguu ya Mama imepungua kuvimba, mdomo ndio haujapungua.

Chukulia umepanga chumba kwa saa moja. Unaingia na godoro lako, unamaliza shughuli zako, na ukitoka tu chumba kinabomolewa na vumbi lake linafagiliwa. Ndivyo ulivyo mfumo wangu. Ukichomeka flashi kisha ukawasha, kompyuta haifungui chochote kilichomo ndani yake, inaifuata flashi peke yake. Ukizima, inasahau kila kitu, hata kwamba ulikuwepo. Nimeondoa michezo, mapambo na makorokoro yote, ndiyo maana unakimbia hata kwenye mashine yenu iliyozeeka. Umebaki na pochi ya sarafu na njia ya kwenda mtandaoni, basi.

Ila kwa kuwa unasahau, kila mara itabidi uandike upya maneno yako kumi na mawili. Hayo ndiyo ufunguo. Mwenye nayo ndiye mwenye mali. Kwa kawaida huja kwa Kiingereza, lakini wewe nimekuwekea ya Kiswahili usije ukahangaika. Hamishia akiba yako humo, yaandike kwenye karatasi, uishonee ndani ya koti.

Chama cha wafanyakazi wa ughaibuni kinataka kuugawa kwa wanachama elfu tatu mwezi wa tano. Nimewaambia nasubiri neno la mjaribu wangu. Usinisifu kwa kuwa ni mwanao. Nitajie ubovu.

Binti yako

14 Machi

Binti yangu,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Huku joto limeanza, tunakunywa maji kama magari.

Ubovu nimeutafuta jinsi msimamizi anavyotafuta ukuta uliopinda, sijauona. Mfumo wako unawaka kabla chai haijapoa. Ule wa zamani ungeweza kunyoa ndevu ukiusubiri. Kila siku ya mapumziko, nikishafua, nageuza kompyuta kioo kitazame ukutani, mtu asichungulie. Naweka kidole kwenye karatasi, nasoma neno, naandika, mpaka yanatimia. Maneno yenyewe siyaandiki hapa, barua hufunguliwa njiani. Baba yako si mjinga.

Kiambie chama mzee wa zege amekubali.

Baba yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. U mzima kweli?

Unajua daftari la sarafu hizi liko wazi kwa dunia nzima. Jina halionekani, mwendo unaonekana. Anwani ya pochi yako ninayo. Tarehe tisa mwezi wa nne kila kilichokuwemo kilitoka, kwa mkupuo mmoja. Ni wewe? Kama ni wewe, niambie nicheke. Kama si wewe, basi ni mimi niliyekosea.

Wiki tatu nimeupitia mfumo mstari kwa mstari. Sioni kitu, na hilo ndilo linalonitisha. Mwenzangu hapa dukani tunapotengeneza simu ananiuliza, "Umeangusha sindano humo?" Chama nimekisimamisha. Mama sijamwambia.

Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako

21 Mei

Binti yangu,

Nisamehe kimya changu. Mwili mzima, uso ndio sina.

Mfumo wako hauna ubovu. Ubovu una mvi, na ndio unaokuandikia.

Mwezi wa nne tulikuwa tunamwaga zege ghorofa ya tano. Fundi bomba akaanzisha wimbo ili makoleo yaende pamoja. Jembe, mvua, shingo, taa! Sisi tukaitikia: kisigino na mkaa! Kisha ubeti wa pili, maneno sita mengine. Ulikuwa mtamu, mwanangu. Siku ya pili watu wa vyuma wakaudaka, wa mchanga wakaudaka, hata wasiojua Kiswahili. Watu kama sitini. Mimi niliimba asubuhi nzima, kwa sauti kuliko wote. Saa ya chakula, kijiko kiko mdomoni, ndipo nikatambua ninachokiimba.

Nikamvaa fundi. "Wimbo huo umeutoa wapi?"

Akashangaa. "Mzee, si dua yako ile ya kila mapumziko? Imeniingia hata sijui lini. Mimi nimetia hiyo 'na' tu."

Alidhani huwa naomba. Nilipomweleza, alikaa juu ya mifuko ya saruji akalia kama aliyefiwa. Tulikimbia chumbani. Pochi tupu. Kati ya watu sitini, mmoja alijua maneno kumi na mawili ni kitu gani. Simjui, na sitamjua.

Nimesaini miaka miwili mingine.

Kiswahili usikitoe. Kingekuwa Kiingereza nisingeingia kabisa. Lakini hao elfu tatu, jiulize wangapi walijifunza kusoma wakiwa na ndevu.

Baba yako

10 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Mama nimemwambia. Aliiacha sufuria ikaungua, kisha akauliza, "Alikuwa anaimba vizuri, lakini?" Halafu akasema nikuandikie hivi: upande wako wa kitanda hajaulalia, na hataulalia.

Kosa ni letu sote. Nilipokuwa mdogo na homa ulinisomea maandishi ya chupa ya dawa, neno kwa neno, mpaka majirani wakajua dozi yangu. Sauti hiyo naijua kuliko yangu. Nikaziba kila tundu, nikaliacha hilo.

Nakutumia flashi mpya. Ukianza neno, mfumo unakuletea picha. Unabonyeza jembe, hulitamki. Na kabla ya yote kuna onyo: BABA, SOMA KIMOYOMOYO. Chama kilitaka niondoe "Baba", eti nusu ya wanachama ni wanawake. Nimekataa. Wameugawa hivyohivyo.

Binti yako

8 Julai

Binti yangu,

Mimi mzima. Mgongo ni uleule.

Flashi imefika, na soksi. Seremala analalamika kuwa kompyuta inamwita Baba na hata mchumba hana. Fundi bomba alicheka mpaka kitanda kikalia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu ile siku ya zege.

Nimekuwa nikijizoeza, nimebana midomo kwa vidole viwili kama mtoto aliyekatazwa kuongea. Barua yako niliikalia mchana kutwa, siku ya mapumziko. Maneno ya mama yako niliyarudia mara nne. Midomo haikutikisika.

Nilipomaliza, fundi akainama kutoka juu. "Mzee, mbona leo kimya? Binti kasemaje?"

Nikaikunja, nikaitia mfuko wa ndani.

"Amenisalimu mimi," nikamwambia.

Baba yako