Mtakatifu Nikolai wa Chumba 318

Iași, Bweni Namba Saba

Dada yangu Saveta,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii, na ng'ombe keshazaa? Mimi mzima, nafagia ghorofa zangu tatu, na leo nina furaha hata kalamu inanitangulia.

Nilikuandikia habari za Ilinca, binti mhandisi aliyepewa kupanga vifaa vya waifai bweni zima, kazi yake ya kwanza. Msimamizi wetu, Dumitrache, alitaka vifaa vitatu tu koridoni. Ilinca akasema kuta zetu ni zege lenye nondo, mawimbi yanafia mlangoni. Kila vyumba viwili vipate kifaa ndani. Dumitrache akamwambia, binti yangu, wewe utawawekea waifai hata mende. Mwishowe akamruhusu ajaribu ghorofa ya tatu, ila chumba kimoja kikikosa mtandao, mpango unatupwa na yeye anaondoka.

Ilinca akanijia na ramani. Nikamwonyesha wanafunzi wanakosimama wakitafuta mtandao: dirishani, chumba cha kufulia, mmoja hata juu ya kabati. Akatia alama zote kwa kalamu nyekundu, akaniita mama mhandisi.

Alhamisi wakapima, wakubwa wa chuo wakiwepo. Vyumba kumi na saba safi. Chumba 318, kimya. Ilinca akawa mweupe kama chaki. Dumitrache akanitania eti nipige magoti, labda mtandao utashuka.

Saveta, kosa lilikuwa langu. Asubuhi ile, ili mpango ubarikiwe, nilitundika Mtakatifu Nikolai mbele ya kifaa cha 318, ile picha iliyofunikwa bati la fedha, ikabaki uso na mikono tu. Ilinca alishaniambia chuma huzuia mawimbi. Sikuwaza kwamba mtakatifu naye amevaa chuma.

Ningeweza kunyamaza. Nikapanda kiti, nikaishusha mbele ya wote, nikasema ni mimi. Kompyuta ya kupimia ikajaa kijani. Dumitrache akavua kofia, sijui kwa heshima ya nani. Mpango umepita, Saveta, bweni zima, na Ilinca kanikumbatia na ufagio wangu mkononi.

Na ndiyo, ni ile picha ya mtakatifu aliyoiacha mama. Haikupotea. Niliichukua siku ya arobaini yake, nikaificha kwenye shuka, nikakuacha miaka sita umlaumu fundi aliyepaka nyumba rangi, eti kaiiba. Kwa padri nimeungama; iliyokuwa ngumu ni hii barua. Nisamehe.

Msalimie shemeji Toader. Nitakuja nayo Pasaka, ukinitaka mlangoni kwako. Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Glicheria