Mrudishe Aabo Kwenye Sinia

Dada yangu Halima,

Assalamu alaikum. Kabla hujasoma zaidi, funga mlango. Neno hata moja lisitoke. Ikijulikana nimetoa habari za maabara nje, kazi yangu ya ukarani itakuwa hatarini. Na ami zetu wakisikia nimemtaja baba yetu, Aabo, pamoja na nzi, hawatanisamehe.

Mimi mzima, ila baridi ya Ulaya imenipasua midomo. Mama yetu, Hooyo, anaendeleaje na mguu? Mvua imefika huko nyumbani Ijara?

Kazi yangu ni kuandika lebo na kujaza daftari. Hapa wanafuga nzi wadogo wa matunda ndani ya chupa, ili wauelewe ugonjwa wa kutetemeka, huu huu wa Aabo. Wanauita Parkinson. Chupa ikigongwa mezani, nzi wote huanguka chini. Wazima hupanda mara moja. Wagonjwa hujaribu, hutetemeka, huanguka tena. Siku ya kwanza nilitoka nje nikalia.

Wiki iliyopita niliachwa peke yangu. Nikaona wagonjwa wamechanganyika na wazima, nikafanya tunavyofanya kwa mbuzi: nikawatenga. Kumbe waliwekwa pamoja makusudi. Kazi ya mwezi mzima ikaharibika. Nilikiri kwa mkuu wangu, daktari, mama mwenye mvi. Akauliza kwa nini.

"Nilihofia watawaambukiza wenzao."

Akanijibu: "Abdi, ugonjwa huu hauambukizi. Ni chembe za ubongo zinazokufa. Wangekaa pamoja maisha yao yote bila kuambukizana."

Hakunifukuza. Lakini nilikumbuka barua yako: uliniandikia kwamba Aabo sasa ana kikombe chake na mkeka wake, na chakula anapelekewa nyuma ya zizi. Nami ndiye niliyekujibu kuwa mmefanya vyema.

Nilikosea, abaayo, dada yangu, na sasa nina hakika. Mrudishe kwenye sinia leo hii, ale pamoja nanyi. Akimwaga wali, na amwage. Kisha mpeleke hospitali. Ipo dawa ya kupunguza kutetemeka, ingawa haiponyi. Ukiulizwa, sema daktari amesema hauambukizi. Nzi usiwataje.

Nisalimie Hooyo, ami mkubwa mfuga ngamia, na shemeji yetu wa Bura, ambaye usimwambie kitu, unajua hafichi siri.

Ukijibu, barua isipitie dukani. Huko husomwa kabla ya kufika. Mpe Mwalimu Yusuf, rafiki yangu, aitie katika bahasha ya shule. Alhamisi baada ya Asr nitapiga simu ofisini kwake. Njoo na Aabo. Mkono wa simu ukimshinda kushika, mshikie wewe.

Mdogo wako,
Abdi