Pitieni Upande wa Duka la Mikate

Gorni Lozya,
Ijumaa, tarehe 26 Septemba

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umeketi, maana najua barua huwa unazisoma umesimama jikoni kwa Bi Ornella huku sufuria ikiwa motoni. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, na kwamba Bi Ornella siku hizi anameza dawa zake bila kukugombeza. Huku sisi ni wazima. Kifua cha Babu kimetulia tangu joto lianze kupungua, na anakula vizuri, isipokuwa siku hizi nne za mwisho, ambazo nitazieleza. Shule imefunguliwa tarehe kumi na tano. Nguo ulizotuma zinanitosha zote ila sketi.

Jambo moja inabidi nilitangulize. Ile karatasi ya mahakama ambayo Babu alikuambia utaipata wiki hii haimo katika bahasha hii. Usiitafute, wala usidhani imepotea posta. Ninayo mimi. Nakuomba usome mpaka mwisho bila kuruka. Ningeweza kukueleza kwenye simu, lakini kwenye simu Babu huwa ameketi kando yangu, na mtandao ukisumbua uso wako huganda ukiwa unanitazama, nami hushindwa kusema kitu mbele ya uso usiotikisika.

Kwanza habari za mtaani. Ukuta wa mabati bado uko palepale. Mwezi wa nane walibandika tangazo kwamba kazi ya kituo cha treni ya chini ya ardhi itaanza tena, kampuni nyingine imepatikana, na safari hii wanahitaji kuchimba shimo la pili la kupitishia hewa. Mahali walipopachagua ni bustani yetu ya nyuma, pale penye miti minne ambayo Bibi alikuwa akichuma maua yake kwa ajili ya chai. Unakumbuka walivyosema mwanzoni, miaka miwili tu. Nilikuwa darasa la pili. Baadaye wakakuta maji, baadaye kampuni ikaondoka na mashine zake, na majira ya baridi mawili mfululizo hakuingia mtu humo ndani ila paka. Sasa ni miaka saba.

Jioni ya tangazo hilo watu wa ngazi zote tatu za jengo letu walikutana uani. Bi Vasilka alishuka na daftari lake la msimamizi wa jengo na akasema kwa sauti ile ya darasani kwamba shimo moja linatosha, la pili watachimba juu ya maiti yake. Bwana Rangel, ambaye tangu duka lake la mikate lifungwe anakuja kwenye kila mkutano akiwa na aproni kana kwamba ametoka kazini, akamwambia asiwape mawazo, hao ni watu wa kusubiri, wataahirisha mpaka atakapokuwa tayari. Watu wakacheka. Bi Vasilka akamuuliza yeye yuko upande gani. Akajibu kwamba yeye anataka treni. Wakamzomea, naye akaendelea taratibu tu: "Wewe Vasilka unataka shimo lifukiwe, mimi nataka treni ipite. Miaka saba sasa, na wote wawili tumepewa mabati."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi na Babu. Sijakuambia hili, Mama, lakini moyoni niko upande wa Bwana Rangel. Kwenda shule yangu ya sasa natumia mabasi mawili na saa moja na dakika kumi. Treni ikifika ingekuwa dakika kumi na mbili, nilipima kwenye ramani iliyobandikwa kwenye mabati. Huwa nawaza nikishuka ngazi za kituo na kitabu mkononi. Lakini siwezi kutamka neno kituo mbele ya Babu, na sababu unaijua.

Wakili wa kamati ya wakazi alikuja mwanzoni mwa mwezi huu. Aliwaeleza kwamba miti haishindi kesi, wala vumbi, wala nyufa za kuta. Kinachoweza kusimamisha kazi ni mtu aliyepata madhara. Wote wakageuka kumtazama Babu. Babu akasema sawa. Hivyo ndivyo kesi ilivyokuwa kesi ya Bibi, na kwa kuwa wewe ni binti yake wa kuzaliwa, karatasi inahitaji sahihi yako na muhuri wa ubalozi kabla ya tarehe kumi na mbili Oktoba.

Bi Vasilka ndiye aliyeiandika, nami nikapewa niichape kwa sababu sikosei nukta. Nilichapa kurasa mbili vizuri. Kwenye ukurasa wa tatu kuna sentensi inayosema kwamba mjukuu wa marehemu, akiwa peke yake nyumbani, aliwaelekeza watu wa gari la wagonjwa njia sahihi, lakini njia hiyo ilikuwa imezibwa na ukuta wa mradi. Hiyo niliichapa pia. Niliisoma mara mbili kutafuta makosa, kisha nikaipeleka.

Jumamosi Babu alinipa karatasi ndani ya bahasha niliyoandika anwani yako. Jumatatu nilienda posta, nikachukua namba, namba yangu ikaitwa, nikabaki nimeketi. Wakaita namba nyingine. Nikarudi nyumbani.

Mama, siku ile Bibi alipoanguka jikoni ilikuwa Jumatano, kama saa tisa mchana. Babu alikuwa kwenye foleni ya zahanati akichukua dawa zake. Haya unayajua. Nilipiga simu ya dharura kama ulivyonifundisha. Nilitaja jina langu kamili, mtaa, ngazi, ghorofa, na umri wa Bibi. Mwanamke aliyepokea alinisifu. Kisha akasema amesikia kwamba kwetu kunachimbwa, akauliza gari liingilie upande gani. Nikamwambia, "Pitieni upande wa duka la mikate." Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika.

Upande wa duka la mikate walikuwa wameufunga Jumatatu. Walihamisha njia ya magari ikawa upande wa shule. Hawakubandika chochote, kama kawaida yao, lakini mimi nilijua. Jumatatu nilipita upande wa shule, Jumanne nilipita upande wa shule, na Jumatano yenyewe asubuhi nilipita huko huko nikachafua viatu kwa tope jipya. Nilipoulizwa, mdomo ukataja njia tuliyoizoea. Sikudanganya na sikuchanganyikiwa. Nilikuwa nimetulia kabisa, na kwa sababu nilikuwa nimetulia yule mama aliniamini.

Nilifungua mlango wa roshani ili nilione gari likija. Nililiona likisimama mbele ya duka la mikate, ng'ambo ya mabati. Taa yake ilikuwa inazunguka. Watu wawili walishuka na machela wakatembea kandokando ya mabati wakitafuta upenyo, wakafika mwisho, wakarudi. Hapo ndipo nilipokumbuka. Niliwapigia kelele kutoka juu, waende upande wa shule, lakini ilibidi wazungukie reli na daraja. Zilipita dakika kumi na tisa. Niliziona kwenye saa ya jiko, kwa kuwa nilikuwa nimerudi kukaa sakafuni karibu na Bibi na saa hiyo ilikuwa usawa wa macho yangu. Bibi alinishika mkono muda fulani, kisha hakunishika.

Jioni ile majirani walikuwa wameshasema kwamba ukuta ndio uliomuua. Uliposhuka kwenye basi baada ya siku mbili barabarani, Bi Vasilka alikupokea kwa maneno hayo hayo, nawe ulikwenda ukapiga bati kwa kiganja mpaka Babu akakushika. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na niliona kwamba maneno yale yanakusaidia kusimama. Nikayaacha. Daktari, nilipomuuliza peke yangu siku ya mazishi kama dakika zingebadilisha kitu, alinipapasa kichwa, hakusema ndiyo wala hapana.

Tangu hapo sijui niseme ninahisi nini. Mwalimu wetu wa fasihi anatutaka tutaje hisia zetu kwa majina yake, na mimi hupata alama nzuri. Lakini kwa jambo hili nikitafuta jina sipati. Napita pale kila siku. Najua kila bati, lililopinda na lenye maandishi. Sikulia wakati ule na silii sasa ninapokuandikia.

Jumanne nilimwambia Babu. Alikuwa kwenye roshani akichoma pilipili hoho za akiba ya majira ya baridi, na mimi nilikuwa namenya zilizopoa. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, kwa mpangilio. Hakuacha kugeuza pilipili. Aliniuliza tu kama nilijua njia imehama. Nikamwambia nilikuwa nimeshaipita siku tatu. Akasema, "Siku tatu." Akatoa pilipili, akaweka nyingine. Tulimaliza gunia zima hivyo, kisha akaingia ndani akajilaza kwa viatu.

Kesho yake alikuja mlangoni kwangu akauliza kama palikuwa na kibao chochote cha kuonyesha njia mpya. Nikasema hapakuwa na kibao, sisi watoto wa shule ndio tuliogundua kwa kutembea. Akaitikia kwa kichwa na kuondoka. Hajaniita Zori, kama kawaida yake, tangu Jumanne. Hanigombezi pia. Ananiwekea chakula changu mezani na kwenda kula chake kwenye roshani, ila chake hurudi nacho.

Jana alimwita Bi Vasilka na kumwambia yote mbele yangu. Bi Vasilka alininyamazisha kabla sijafungua kinywa. Alimwambia Babu kwamba hakuna aliyemuuliza, na hakuna atakayeuliza. Alisema jiji likisikia habari hii litaligeuza jambo zima liwe kosa la mtoto, kesi itakufa, na mashine zitakuwa bustanini kabla ya theluji. "Lazar, mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili," alisema. "Mtu mzima hapo ni ukuta. Mwache mtoto anyamaze, amenyamaza vizuri miaka mitatu."

Nilidhani Babu angekubali. Kisha akamwambia: "Jina la Tinka wangu nimeliweka kwenye hiyo karatasi mimi mwenyewe. Uongo hautakaa naye ukurasa mmoja."

Bi Vasilka akasema kwamba basi miti ni juu yetu. Leo asubuhi tulikutana kwenye lifti, akatazama namba za ghorofa mpaka chini.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Babu amesema ukurasa wa tatu uandikwe upya kama ilivyokuwa: njia niliyoitaja, njia iliyokuwa wazi, na kwamba waliihamisha bila kumwambia mtu. Amesema pia kwamba hatatuma chochote mpaka wewe ujue kwanza, kwa sababu aliyekufa ni mama yako na sahihi ni yako. Huenda ukatia sahihi huo mpya. Huenda usitake tena kuona karatasi yoyote yenye jina langu. Kama utaona afadhali wa zamani, ninao, haujakunjwa, lakini siku ya mahakama nikiulizwa nitasema nilichosema kwenye simu. Hilo nimeshaliamua, na tangu niliamue nalala usiku.

Ombi langu ni moja. Ukinijibu, usipige simu. Niandikie kwa mkono wako, hata kama ni mstari mmoja, ili niweze kukaa na bahasha kidogo kabla sijaifungua.

Nisalimie Bi Ornella, na umwambie sabuni ya maua aliyonitumia bado haijaisha. Bwana Rangel anakusalimu, anauliza huko wanakula mikate ya namna gani. Jihadhari na mgongo, usimwinue Bi Ornella peke yako. Babu naye amepita sasa hivi nyuma ya kiti changu, akaona ninaandika, akasema nikupe salamu zake. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu leo, na nimeyaandika kama alivyoyasema.

Ni mimi binti yako,
Zornitsa