Mgeni wa Siku ya Tatu

Jumapili, 10 Machi

Leo tumejaa hadi kwenye ngazi! Mwaka juzi benchi moja lilitutosha. Leo mama mkwe wangu, Shalmat, amekuta mke wa mfinyanzi amekalia kinu chake. Amelalamika mchana kutwa. Analalamika kwa raha, mtu akimjua.

Baada ya kumega mkate, shemasi Krispo alinivuta kando. Sauti chini, kidole juu. Mvua zimepungua, barabara ya Antiokia inapitika, manabii wasafiri wataanza kuja. Nikumbuke kanuni. Mgeni wa Bwana apokelewe, alale siku moja, na ya pili ikibidi. Akikaa ya tatu, ni nabii wa uongo. Akiomba fedha, wa uongo. Akiagiza chakula akiwa katika Roho, kisha akakila yeye mwenyewe — wa uongo!

“Dada Marthana, usimsahau yule wa mwaka jana.”

Nimsahau vipi? Alikaa mwezi. Kila palipochomwa nyama yeye aliona maono. Akaondoka na blanketi la marehemu mume wangu na sufuria yangu ya shaba.

Krispo kasema akitokea mwingine wa namna ile chini ya dari yangu, kusanyiko litahamia kwake. Kwake! Ua wa Krispo mbuzi akiingia hana pa kugeukia. Nimejibu, “Nimesikia, kaka.” Moyoni nilijibu mengine. Nyumba hii tangu mume wangu afe imekuwa kimya siku sita, na siku ya saba inapumua. Sikubali kunyang'anywa hiyo siku.

Jumanne, 12 Machi

Amekuja mmoja!

Ndiyo kwanza nimewasha taa, mlango ukagongwa. Jitu zima, ndevu zimejaa vumbi, viatu vimefungwa kwa kamba. Anaitwa Zabdai, ametumwa na ndugu wa Beroya. Huyu mtu hucheka kwanza, ndipo azungumze. Alimwamkia mama kabla yangu, kwa Kiaramu cha nyumbani kwao kabisa. Mama hakutaka kucheka. Alicheka.

Nikampa dengu na vitunguu. Akala, akashukuru, akaosha bakuli lake mwenyewe. Mwanamume!

“Hata wa mwaka jana alianza kwa kuosha bakuli,” mama akaninong'oneza.

Si kweli. Yule hakuosha hata mikono.

Jumatano, 13 Machi

Siku ya kufunga. Nimeoka kama kawaida, tumbo linanguruma, harufu ya mkate inanitesa. Jirani yetu Basso, yule dobi, amenunua wake na kuutafuna pale pale dirishani makusudi. “Mungu wenu ana roho mbaya,” kasema, “anawapa tanuri halafu anawafunga midomo.” Basso haamini kitu chochote ila mkate wa moto.

Saa tisa tukafungua. Jioni watu wakakusanyika kumsikia mgeni. Alifundisha taratibu tu, habari za njia mbili, ya uzima na ya mauti. Alisema njia ya uzima huanzia kwenye jirani unayemchukia. Nikamkumbuka Basso. Nikakohoa.

Halafu ghafla akasimama, macho amefumba, sauti imebadilika. “Andaeni meza! Wenye njaa wapo nyuma ya ukuta huu!”

Lo! Krispo alinitazama mimi, mimi nikatazama sakafu. Maneno yale yale ya mwaka jana! Lakini ni kweli, nyuma ya ukuta wangu wanaishi wachochea moto wa hamamu, bafu la mji, na hakuna aliyewahi kuwagongea. Hata mimi. Tukaandaa. Krispo mwenyewe alitoa mwanakondoo, akiwa na uso wa mtu anayeng'olewa jino. Wakaja wanane na watoto wao, weusi kwa masizi. Walisimama mlangoni hawaingii, mpaka mama akafoka, “Ingieni, mnaingiza baridi!”

Zabdai akawahudumia. Krispo alikaa mbele yake akimlinda mdomo, yeye mwenyewe hakula vizuri. Mara mchuzi ukammwagikia Zabdai kidoleni. Kidole kikapanda... Watu wote tulikodoa macho, hata watoto. Akakitazama, akatutazama, akakifuta kwenye joho lake!

Hakuonja hata zeituni moja. Watu walipoondoka nilimkuta pembeni anatafuna kipande cha mkate wa jana, mkavu. Nilimhurumia. Hilo ndilo neno, nilimhurumia.

Alhamisi, 14 Machi

Siku ndefu! Niandike kwa mpangilio.

Alfajiri alikuwa amefunga mzigo wake. Nikamwambia hawezi kufika kwa ndugu wa mji mwingine na joho lina mchuzi, watasema sisi tumemtunza vibaya. Akanipa. Nikalifua. Nikalitundika. Ndipo nikatazama mbingu — mawingu tupu. Naapa sikutazama kabla. Watu wetu hawaapi. Basi: nilitazama kidogo.

Asubuhi Krispo akafika. “Bado yupo? Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Siku ya tatu hii!”

Nikaanza kueleza habari za joho. Ila mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

“Ya tatu kwa hesabu ya nani?”

“Ya watu wote, mama.”

“Ya Wayunani! Huyu ameingia taa imewaka. Jua likizama siku imekwisha, mwanangu, hata kuku wanajua. Aliingia Jumatano. Leo ni ya pili mpaka jua lizame.”

“Mama, Jumanne jioni ni Jumanne.”

“Kamfundishe Musa.”

Walibishana mpaka unga wangu ukaumuka kupita kiasi. Kusanyiko letu nusu huhesabu siku toka machweo na nusu toka alfajiri, na miaka yote hii hakuna aliyegundua! Mama hampendi mgeni kiasi hicho, nijuavyo mimi. Anachopenda ni kumshinda Krispo. Akamshinda. Krispo akaapa — hapana, akasema kwa nguvu — kwamba jua likizama atarudi.

Zabdai alikaa kwenye benchi, amejifunika shuka langu la zamani lenye maua, anacheka hadi machozi. “Mama, nikihukumiwa mbinguni nataka wewe unitetee.” Mama akamwambia asimzoee.

Kutwa nzima nililipapasa lile joho. Majimaji. Jua likazama nalo majimaji vile vile.

Krispo akarudi na wazee wawili. Na mama, bila huruma, akawa wa kwanza. “Sasa ni ya tatu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.”

“Ndivyo kanuni isemavyo,” Krispo akadakia. Hawajawahi kukubaliana hivi! “Mwenye kazi ya mikono na afanye kazi, ale. Asiye na kazi anamfanya Kristo biashara. Ndugu, una kazi gani?”

Zabdai akakuna ndevu. “Mwokaji.”

Wakanicheka mimi! Siku mbili mtu yumo kwenye nyumba ya mkate na hakusema? Krispo hakucheka. Mwaka jana naye yule alisema ni fundi wa chochote kilichokuwa karibu.

“Ningeshika unga wa mwenyeji siku ya kwanza,” Zabdai akajibu, “ungesema natafuta pa kuhamia.”

Imeamuliwa: kesho tanuri ni lake. Mkate ukiwa mkate, ni mfanyakazi. Ukiwa jiwe, ni tapeli, anaondoka hata na joho bichi — na Siku ya Bwana tunakusanyika kwa Krispo.

Ijumaa, 15 Machi, asubuhi

Kaamka jogoo wa kwanza. Nilikatazwa kuingia. Nilisikia anapiga donge ubaoni, mapigo ya mtu anayejua. Au ya mtu mwenye hasira na unga? Sijui. Nimemwomba Mungu kuhusu chachu. Sijawahi kuomba kuhusu chachu.

Mikate imetoka. Sura nzuri, kahawia, imepasuka juu. Krispo kaipindua, kaigonga, kainusa. Na hapo ndipo tulipokumbuka. Leo Ijumaa! Tumefunga! Wote tumeizunguka mikate na hakuna wa kuionja mpaka saa tisa!

“Sura si mkate,” kasema Krispo. Wamekaa uani wanasubiri.

Ijumaa, bado asubuhi

Basso amefika kununua. Watu kumi na mmoja wakamgeukia. Akaogopa, maskini, akadhani kafiwa.

“Kula,” Krispo akamwambia.

“Kuna sumu ya kuonja, au?”

“Kula, bwana!”

Akamega. Akatafuna. Akatafuna tena. Alifumba macho. Kisha akauchukua wote, akaondoka bila hata kulipa. Krispo alitaka kumkimbiza.

Akarudi akiwa na mkewe. “Nipe mitatu. Na nyinyi watu, huwa mnafanya nini hasa humu ndani, mpaka mnaweza kuuangalia mkate huu na msiule?”

Ndilo swali alilouliza! Dobi Basso! Mzee mmoja akaanza kumjibu tangu Adamu. Zabdai akamnyamazisha kwa upole, akampa Basso kigoda akae.

Krispo ni mtu mkavu ila ni mkweli. Akasimama mbele ya wote. “Ndugu, nilikosea. Una kazi. Kwa kanuni unaweza kukaa nasi. Utakaa?”

Na Zabdai, ambaye hucheka kwanza, leo hakucheka. Akanigeukia mimi.

“Tanuri si langu. Mwenye tanuri anasemaje?”

Mimi! Mimi niliyemjibu Krispo maneno elfu moyoni! Nikasema, “Ngoja nikaangalie unga.”

Niko ghalani. Unga upo. Umejaa tele. Naandika. Nampenda, basi, nimeandika. Nje wanasubiri. Nasikia Basso anauliza kama hii nayo ni sehemu ya ibada.

Mama amekuja. Amesimama mlangoni, hataki kuniangalia, anapangusa gunia ambalo halina vumbi. Miaka mitano hajataja jina la mwanawe mbele yangu. Sasa amelitaja, Malkho, polepole. Kasema Malkho hangekuwa na kinyongo. Kasema amechoka kulala macho kila alfajiri, akinisikia nakanda peke yangu.

“Toka, mwanangu. Watu wana njaa.”

Natoka. Nimejaa unga mpaka kwenye kope, sijui nitamwambiaje akae —