Kigingi cha Mama

3 Machi

Mume wangu,

Hujambo? Mimi mzima, goti tu ndilo linanisumbua. Barua yako ya mwisho ilipigwa chapa na katibu wako. Safari hii andika kwa mkono wako au usiandike kabisa. Mimi si wizara.

Watu wako wa barabara wamefika makaburini. Wamepiga kigingi chekundu juu ya mama yako. Nyekundu yako naijua. Mwaka jana walipaka alama nyekundu nyumba ya fundi viatu na za majirani zake, na kufika mchana hapakuwa na ukuta uliosimama. Fundi viatu kaondoka na wanawe, hatujui aliko.

Sikatai, tangu ushike nchi zahanati ina dawa, na yule karani aliyekuwa akija kazini saa tano sasa anamwahi mfagizi. Wengine wanakuombea maisha marefu, wengine wanatema mate redio ikikutaja. Wote wanakuita Rula, kwa kupenda kwako kunyoosha kila kitu. Mimi niliyekufuta makamasi nakuomba neno moja: pindisha barabara imwache mama yako. Hatua ishirini tu.

Bibi yako

19 Machi

Shikamoo Bibi,

Pole kwa goti. Naandika kwa mkono wangu kama ulivyoamuru, na mawaziri wananisubiri.

Sitapindisha. Mama alifia njiani, kabebwa kwenye machela, kwa sababu hapakuwa na barabara ya kumfikisha hospitali. Nilikuwa na miaka minne. Hata sura yake siikumbuki. Nimevunja nyumba za watu ili njia inyooke. Nikiikwepesha kwa mama yangu, nitawatazama kwa macho gani? Utaratibu wa makaburi umeelezwa kwenye tangazo lililobandikwa ofisi ya mtaa. Mwombe mtu akusomee.

Mjukuu wako

6 Aprili

Mume wangu mkaidi,

Salamu ni zilezile, na goti ni lilelile. Sijamwomba mtu anisomee kitu tangu nizaliwe, sitaanza uzeeni. Tangazo lenyewe herufi kama siafu. Lakini usijisumbue. Mambo ya mama yako nimeyamaliza mwenyewe. Wewe kaa na unyoofu wako.

Bibi yako

2 Julai

Shikamoo Bibi,

Unaendeleaje? Nimeletewa orodha ya makaburi yaliyohamishwa kabla ya lami kumwagwa. Mama hayumo. Mhandisi anasema kila kaburi lenye mwenyewe liliwekewa kigingi ili lihamishwe kwa heshima. Lisilo na kigingi lilisawazishwa. Cha mama hakikuonekana.

Bibi, nani alikitoa?

Mjukuu wako

11 Julai

Mjukuu wangu,

Ni mimi. Niliking'oa kwa mikono hii, nikakitia jikoni kikachemsha uji. Niliona chekundu, nikajua ni cha kuvunjwa. Nani aliwahi kuona nyekundu yako ikiokoa kitu? Siku greda lilipoingia nilikuwa ndani napepeta mchele, nacheka peke yangu jinsi nilivyowaweza. Nikasema, litamzunguka. Nilipotoka, palikuwa bapa kama meza.

Sasa malori yanapita juu yake. Kila likipita vikombe vinalia kabatini, na mimi najikuta nasema, "Nakuja, mwanangu." Jirani ananiuliza, "Bibi, unaongea na nani humo?" Namwambia akachunge sufuria yake.

Bibi yako

15 Julai

Shikamoo Bibi,

Nakuja Jumamosi na wachimbaji. Utanionyesha mahali. Barabara itafungwa, watu waseme watakalo.

Mjukuu wako

8 Agosti

Mjukuu wangu,

Natumaini u mzima. Nimekuona gazetini umepiga magoti kwenye kaburi jipya, na maua mkononi. Gazeti nimelikunja, nikatafuta kalamu.

Ile Jumamosi uliponiuliza, "Wapi, Bibi?" sikujua. Lami haina alama. Nilikwenda mbele, nikarudi nyuma, umati mzima unanitazama, nikaona aibu kusema nimempoteza. Nikagonga fimbo chini: "Hapa." Wakachimba, wakapata mifupa. Ukaokota vimisumari vya viatu vilivyobaki miguuni, ukasema, "Viatu vya mama," ukalia kama mtoto.

Mama yako hakuwa na viatu. Nilimzika miguu mitupu.

Fundi viatu alikuwa nyuma yangu. Alisikia unafukua, akarudi kumtafuta baba yake. Mzee wa watu alikosa kigingi kwa sababu siku watu wako walipopita kuuliza kila kaburi ni la nani, wanawe ulikuwa umeshawafukuza. Akaninong'oneza, "Misumari mitatu kisiginoni, Bibi. Hakuna apigaye hivyo ila mimi. Hivyo viatu nilimvisha mwenyewe."

Nikamwambia, "Basi sema!"

Akasema, "Niseme nini? Nyumba alinivunjia. Leo anambeba baba yangu begani, na ving'ora juu. Mwache alie."

Na kweli hukujua kwa nini alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Ulimpa mkono, ukamshukuru kwa kuja.

Sasa baba wa mtu amelala huko kwenu chini ya marumaru yenye jina la binti yangu. Uongo huo niliuanza mimi, kwa kiburi, na siwezi kufa nao. Mrudishe. Fundi viatu amepanga chumba nyuma ya kituo cha mafuta, mlango wa tatu. Nenda mwenyewe, kwa miguu, bila mpiga picha. Muulize jina la baba yake, maana hukuwahi kumuuliza hata la kwake.

Mama yako usimtafute tena. Barabara usiichimbe, wagonjwa wanapita. Atakuwa ananigongea mimi vikombe, na mimi nitamwitikia mpaka siku yangu ifike.

Usinijibu kwa barua. Nitamuuliza fundi viatu kama umefika.

Bibi yako