Mtani Anayesubiri Ruhusa Yako

Baba mpendwa,

Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba ukae peke yako. Usimwonyeshe mtu barua hii, hata Mama. Ukimaliza itie kwenye moto. Ningepiga simu, lakini Mama huiweka sauti ya juu na nyumba nzima ikasikia.

Shikamoo Baba. Mkojo bado unakusumbua usiku? Mimi mzima wa mwili, ila tangu uliponiambia ni saratani ya tezi dume, na kwamba hutarudi kwa daktari kupasuliwa, kazini nagonga mihuri kichwa chini miguu juu.

Jumamosi nilikwenda kwenye kikundi cha wanaume wa hapa Mtwara waliopona ugonjwa huo, wanaowatia moyo wagonjwa wapya. Kwa kuwa ulinikataza kusema, nilidai nimekuja kwa ajili ya rafiki yangu.

"Rafiki ana umri gani?" aliuliza Mzee Kalinga, mwalimu mstaafu, Mhehe.

"Sitini na sita."

"Mnacheza naye mpira?"

Wakacheka wote. Aliposikia mimi Mngoni, akajipiga paja. "Watani wangu! Babu zenu hawakuogopa mikuki, leo mnakimbia kitanda cha hospitali!"

Machozi yalinitoka, Baba. Akaacha kucheka, akanisogezea chai yake.

Mkulima wa korosho kutoka Mpapura akasema, "Kijana, sikudanganyi. Mpira wa mkojo ulinitesa, na mambo ya chumbani hayakurudi kama zamani. Lakini juzi nimemwozesha binti yangu, mimi mwenyewe."

"Mwana hawezi kumhoji baba yake mambo ya chini ya kitovu," akasema Mzee Kalinga. "Mtani anaweza, na baba haruhusiwi kukasirika. Nipe namba yake. Nitamtania mpaka arudi kwa daktari, na siku akiogopa nitakuwa naye kwenye simu."

Sikumpa. Nilisema nitakuomba kwanza.

Baba, mshahara ninao, lakini bado sijamaliza kulelewa.

Msalimie Mama, shangazi Tekla mshona nguo, na mdogo wangu Deo. Wakiuliza, sema nimeandika habari za kazi.

Mwanao akupendaye,
Fidelis

Ofisini usipige, tunakaa watatu chumba kimoja. Ukiwa shambani, nibipu mara moja ukate. Huna haja ya kusema neno. Nikiona ni wewe, nitajua umekubali, nami nitampa mtani namba yako, akupigie saa za shambani, Mama asisikie. Simu naiweka mfuko wa shati. Hata kanisani siizimi.